Kusoma shairi la Kiswahili: mwongozo kamili kuanzia mizani hadi maana

Wengi wakipewa shairi hukimbilia swali la mwisho: mshairi anasema nini? Hushika neno moja au mawili wanayoyajua, huyazungushia hadithi, na jibu linalotoka halihusiani na kilichoandikwa. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Unaanza na vidole na sikio, yaani kuhesabu na kusikiliza, ndipo unafika kwenye maana. Katika ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili, umbo ni ushahidi. Neno likikatwa, likirefushwa au likihamishwa, mara nyingi limefanyiwa hivyo kwa ajili ya mizani (hesabu ya silabi) au kina (silabi ya mwisho inayofanana na nyingine). Anayeijua hesabu hiyo hutambua lipi lilifanywa kwa lazima na lipi kwa makusudi, na hapo kwenye makusudi ndipo penye maana.

Shairi la mfano ni hili, limetungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Litasomwa mara kadhaa, kila mara kwa jicho jingine.

Mlinzi wa Ghala

Paka tulimpa lindo, ghala letu la nafaka,
Akaanza kwa kishindo, panya wote wakatoka,
Leo kabadili mwendo, nazo pishi zapunguka,
Ghala tulompa paka, ni nani ataliponya?

Mchana yu barazani, masharubu ayashika,
Usiku yumo ghalani, vicheko vinasikika,
Panya ndio majirani, wala naye kwa shirika,
Ghala tulompa paka, ni nani ataliponya?

Wenye ghala tumekwama, midomo tumefunika,
Watoto washika tama, chungu tupu chachemka,
Tukimtoa kwa hima, nani wa kuaminika?
Ghala tulompa paka, ni nani ataliponya?

Hatua ya 1: Ghani kabla ya kushika kalamu

Soma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza soma kama unavyosoma gazeti, mara ya pili vuta sauti kidogo kwenye kila mkato na kila mwisho wa mstari. Mashairi haya yalitungwa ili yaghaniwe na kuimbwa, na mahadhi ndiyo yaliyowafanya watunzi wapime maneno. Ukisoma kimyakimya utakosa vitu viwili: mahali pa kupumua, na silabi zinazojirudia.

Usitafute maneno magumu bado. Kwenye usomaji huu wa mwanzo weka alama ndogo tu mahali ulimi ulipojikwaa. Mahali hapo huwa pana mojawapo ya mambo matatu: neno la lahaja usiyoizoea, neno lililofupishwa, au sentensi iliyopinduliwa.

Hatua ya 2: Gawanya shairi katika viungo vyake

Kifungu kizima ni ubeti, na wingi wake ni beti. Mstari mmoja mzima ni mshororo. Mshororo ukigawanywa kwa mkato, kila sehemu ni kipande: cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao, cha tatu mwandamo na cha nne ukingo. Mashairi mengi utakayokutana nayo yana ukwapi na utao tu. "Mlinzi wa Ghala" lina beti 3, kila ubeti una mishororo 4, na kila mshororo una vipande 2. Hizo ni mishororo 12 na vipande 24.

Mshororo wa kwanza wa ubeti huitwa mwanzo, na wa pili mloto. Mshororo wa mwisho ndio unaowachanganya wengi. Ukirudiwa vilevile katika kila ubeti, ni kibwagizo (wengine husema kipokeo, kiitikio au mkarara). Ukibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ni kimalizio. Kwa hiyo huwezi kuupa jina mstari wa mwisho kwa kusoma ubeti mmoja peke yake. Linganisha angalau beti mbili. Katika mfano wetu maneno yanarudi yaleyale mara tatu, basi ni kibwagizo.

Hatua ya 3: Hesabu mizani

Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na kosa la hapa linaambukiza kila kinachofuata, kwa hiyo usiharakishe.

Njia rahisi ni kupiga kofi moja kwa kila silabi, au kukunja kidole kimoja kwa kila silabi na kuhesabu kipande kwa kipande:

Pa-ka-tu-li-m-pa-li-ndo (8), gha-la-le-tu-la-na-fa-ka (8).

Jumla ni 16. Ukihesabu mishororo yote 12 utapata 16 kila mahali, 8 ukwapi na 8 utao. Huo ndio urari wa mizani. Vipande vya 8 kwa 8 ndivyo vya kawaida kabisa katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, ila si sheria ya kila shairi. Kuna mashairi ya 6 kwa 6, mengine 4 kwa 8, na mengine ambayo kipande kimoja ni kirefu kwa makusudi.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo irabu moja kwa kawaida ni mizani moja: *kaa* ni ka-a, 2, *mwaka* ni mwa-ka, 2, *njia* ni nji-a, 2. Matatizo huletwa na M na N. Wakati mwingine husimama peke yake na kuwa silabi kamili, wakati mwingine huungana na konsonanti inayofuata.

M inayotokana na *mu* husimama peke yake: m-tu, m-li-nzi, tu-li-m-pa, m-cha-na. Katika *chachemka* pia imesimama: cha-che-m-ka, 4. Ukiiunganisha utapata 7 katika kipande "chungu tupu chachemka" na utadhani mtunzi amekosea.

N au M ya neno fupi sana, lenye silabi moja tu baada yake, nayo husimama kwa sababu ndiyo inayobeba mkazo: n-chi, n-ge, n-ta, n-zi, m-bu, m-bwa. Maneno marefu zaidi ya ngeli hiyohiyo huungana: mbu-zi, ndi-zi, ngo-zi, nyu-mba.

Kuna maneno yanayoandikwa sawa na kuhesabiwa tofauti. *Mbuni* ndege ni mbu-ni, 2. *Mbuni* mti wa buni ni m-bu-ni, 3. *Mtu mbaya* ni m-tu m-ba-ya, 5, lakini *njia mbaya* ni nji-a mba-ya, 4. Hesabu ikikataa, jaribu kwanza kujiuliza neno hilo ni la ngeli gani.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizofuatana, kama *daftari*, *maktaba* au *labda*, hayana jibu moja. Watunzi wengine huihesabu konsonanti ya katikati kuwa mizani kamili, wengine huifunga kwenye silabi iliyotangulia. Usiamue kwa kanuni ya kichwani. Hesabu mishororo mingine ya shairi hilohilo, upate kipimo chake, kisha urudi kwenye neno lenye utata na uone hesabu ipi inatosha.

Je, ukihesabu mara tatu na mshororo mmoja bado ukawa na 15 au 17? Rudia kwanza M na N. Kisha angalia kama chapa imekosewa, kwa maana wachapaji "husahihisha" *tulompa* kuwa *tulilompa* wakadhani wamesaidia. Baada ya hapo ndipo uruhusiwe kusema mtunzi ametoka kwenye urari, na hata hapo andika ni mshororo upi na umezidi au umepungua kwa mizani ngapi.

Hatua ya 4: Chora vina

Kina ni silabi ya mwisho ya kipande inayofanana na ya vipande vyenzake. Ni silabi nzima, si irabu tu: *nafaka* na *wakatoka* vina kina cha -ka, ila *nafaka* na *amealikwa* havilingani, kwa sababu -kwa si -ka. Msomaji asiye makini husikia *a* mwishoni na kuandika kwamba vina vimelingana.

Andika vina vya kati na vya mwisho pembeni ya kila mshororo. Ubeti wa kwanza unatoa:

ndo – ka
ndo – ka
ndo – ka
ka – nya

Ubeti wa pili: ni – ka mara tatu, kisha ka – nya. Wa tatu: ma – ka mara tatu, kisha ka – nya. Tazama kibwagizo kinavyofanya: kina cha mwisho cha mishororo mitatu, -ka, kimehamia katikati, na mwishoni imeingia -nya ambayo haina mwenzake ndani ya ubeti. Mtindo huu ni wa kawaida sana katika tarbia. Sikio lililokwisha kuzoea -ka linaisikia mapema kuliko lilivyotarajia, kisha linaachwa na sauti ngeni. Swali "ni nani ataliponya?" halipati jibu, na kina chake nacho hakipati mwenzi.

Hatua ya 5: Lipe shairi jina lake

Majina ya mashairi hutisha kwa wingi wake na kwa asili yake ya Kiarabu, ilhali yote hujibu maswali machache. Kosa la kawaida ni kujibu swali moja kwa jina la swali jingine, mtu akaulizwa mpangilio wa vina akaandika "tarbia".

Swali la kwanza: ubeti una mishororo mingapi? Miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa, sita tasdisa. Shuleni Tanzania shairi la mishororo sita au zaidi kwa ubeti huitwa pia sabilia. Shairi letu ni tarbia.

Swali la pili: vina vinakwendaje kutoka ubeti hadi ubeti? Vya kati na vya mwisho vikibaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, ni mtiririko. Vyote vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Vya upande mmoja vikishikilia na vya upande wa pili vikibadilika, ni ukara. Kwetu, -ka ya utao imeshikilia beti zote tatu huku ukwapi ukienda -ndo, -ni, -ma. Ni ukara.

Swali la tatu huhusu vipande. Vipande viwili ni mathnawi, vitatu ni ukawafi. Mshororo usiogawanyika, wenye mizani 8 hivi, huelekeza kwenye utenzi, ambao tutaurudia punde.

Swali la nne: je, kuna mchezo wa maneno au wa urefu? Mshororo wa mwisho ukiwa mfupi kuliko mingine, shairi ni msuko. Kama kibwagizo chetu kingekuwa "Ni nani ataliponya?" peke yake, mizani 8 chini ya mishororo ya 16, tungekuwa na msuko. Neno moja likianza kila mshororo au kila ubeti, ni kikwamba. Maneno ya mwisho ya ubeti yakichukuliwa kuanzisha ubeti unaofuata, ni pindu, au mkufu. Kuigeuza "Mlinzi wa Ghala" kuwa pindu si kazi kubwa; ubeti wa pili ungeanza hivi:

Ataliponya ni nani, na mlinzi kageuka?

Mizani ni 8 kwa 8, kina cha kati -ni kimepatikana kwa kupindua tu maneno ya kibwagizo, na -ka iko mahali pake.

Shairi moja laweza kuwa na majina kadhaa kwa pamoja. Letu ni tarbia, ni mathnawi, na ni ukara. Majina hayo hayagombani, kila moja linajibu swali lake.

Utenzi, au utendi kama wasemavyo Lamu, una hesabu yake. Ubeti wa kawaida una mishororo minne mifupi ya mizani 8. Mitatu ya kwanza hulingana vina ndani ya ubeti, na ya nne hushika kina kimoja kinachokwenda utenzi mzima. Kina hicho cha kudumu huitwa bahari na watu wengi, kwa hiyo neno *bahari* likitumika angalia linamaanisha hicho au linamaanisha aina ya shairi.

Vuli ikisha kunyesha,
Mbegu ukitayarisha,
Jembe ukishanolesha,
Ndipo ushuke bondeni.

Usipande kwa haraka,
Matuta yakapindika,
Jirani atakucheka,
Akipita pembezoni.

-sha, -sha, -sha, -ni. Kisha -ka, -ka, -ka, -ni. Kina cha -ni ndicho kamba. Mshororo ukiwa mfupi hivi, mtunzi anaweza kusimulia vita au kutoa wasia kwa mamia ya beti bila kuchosha pumzi ya mghani. Ndiyo maana tendi zilibeba masimulizi na mafunzo marefu, kama alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858, na shairi la mizani 16 likabaki la hoja fupi, fumbo na malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ndiye anayetajwa zaidi kwa kulifanya shairi la aina hii kuwa sauti ya barabarani: siasa za mji, vita, mapenzi, njaa na kejeli.

Hatua ya 6: Rudisha maneno katika sura yake ya kawaida

Mtunzi anaruhusiwa kuikunja lugha ili mizani na vina vitoshe. Ruhusa hii huitwa uhuru wa mshairi, au idhini ya kishairi, na ina njia zake.

Inkisari ni kufupisha. "Leo amebadili mwendo" ina mizani 9. *Kabadili* inaleta 8. "Ghala tulilompa paka" ni 9, *tulompa* inatosha. "Mchana yuko barazani" ni 9, *yu* inaondoa moja. "Zinapunguka" ingetoa 9 katika utao, hivyo *zapunguka*.

Mazida ni kinyume chake, kurefusha: *afya*, mizani 2, ikawa *afiya*, mizani 3. Tabdila hubadili sauti bila kugusa idadi ya mizani: *dunia* ikawa *duniya* ili ipatane na vina vya -ya. Kisha kuna kuboronga sarufi, yaani kupindua mpangilio wa maneno. Kwa kawaida tungesema "Tulimpa paka lindo", na kipande kingebaki na mizani 8 na kina cha -ndo. Kumbe kumtanguliza paka hakukulazimishwa na hesabu. Mtunzi ametaka paka awe neno la kwanza kabisa la shairi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kulipa. Kila unapokutana na neno lisilo la kawaida, weka lile la kawaida mahali pake na uhesabu. Mizani au kina vikiharibika, mtunzi alibanwa. Visipoharibika, alichagua. Jaribu kwenye "Usiku yumo ghalani": weka *yuko*, na mizani inabaki 8. Basi *yumo* ni chaguo. *-mo* humweka paka ndani kabisa, amefichika ndani ya kuta nne, mkabala na *yu barazani* ya mchana ambako kila mtu anamwona. Katika mtihani, mtahiniwa anayeandika "ametumia inkisari, mfano kabadili" amepata alama yake; anayeongeza "ili kutosheleza mizani 8 ya ukwapi" ameonyesha anajua kwa nini, na hapo ndipo mitihani mingi huweka alama ya pili.

Angalia pia mitego. "Wala naye kwa shirika" si *wala* ya kukanusha. Ni *wanakula naye* kwa wakati wa -a-, wakati uliozoeleka mno katika ushairi kwa sababu unaokoa mizani. Vivyo hivyo *washika* ni *wanashika*, na *chachemka* ni *kinachemka*. Msomaji asiyeujua wakati huu huvuruga nusu ya shairi.

Kwa mashairi ya zamani ya Mombasa, Lamu na Pate, jifunze mabadiliko machache ya sauti kabla ya kufungua kamusi. Mara nyingi *t* husimama mahali pa *ch* ya Kiswahili sanifu: *mato* ni macho, *nti* ni nchi, *kiteko* ni kicheko. *Nd* husimama mahali pa *nj*: *ndia* ni njia, *ndaa* ni njaa. Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, hutumia *y* mahali pa *j* au huiacha *j* kabisa: *moya* ni moja, *mui* ni mji. Kwa kubadili herufi hizi tu, ubeti uliokuwa giza hufunguka kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 7: Sasa uliza nani anasema

Nafsineni ni sauti inayosema ndani ya shairi. Nafsinenewa ni anayeambiwa. Usiandike "mshairi" mahali pa nafsineni bila kufikiri, kwa maana mtunzi mwanamume anaweza kusema kwa sauti ya bibi kizee, au hata ya mti. Ushahidi uko kwenye viambishi: *tulimpa*, *letu*, *tumekwama*, *tukimtoa*. Nafsineni ni "sisi", wenye ghala. Si mtu wa nje anayelaumu. Ni haohao waliomwajiri paka.

Kisha tamathali. Usiorodheshe majina, onyesha kazi. Tashbihi hulinganisha kwa *kama* au *mithili ya*; hapa haipo, na mtahiniwa anayeitaja anakisia. Jazanda, yaani sitiari iliyotandazwa shairi zima, ndiyo inayobeba kila kitu: ghala ni mali ya wengi, paka ni mlinzi aliyekabidhiwa, panya ni wezi, pishi ni kipimo cha akiba inayopungua. Pishi moja ni vibaba vinne, na katika ghala upungufu wa pishi huonekana polepole, haupigi kelele. Jazanda nzuri hukaguliwa kwa kuona kama kila kiungo kina mwenzake. Ukisema paka ni kiongozi, lazima useme pia panya ni nani na *majirani* wao ni wa namna gani, la sivyo ufafanuzi umekatika njiani.

Tashihisi inaonekana barazani: paka ana masharubu kwa maumbile, lakini kuyashika kwa madaha ni tabia ya bwana mkubwa. Hapo pana kejeli pia. Taswira ya kusikia ni vicheko gizani, na ya kuona ni chungu tupu. Balagha ni swali la kibwagizo lisilotaka jibu, na takriri ni kurudiwa kwake mara tatu.

Kibwagizo hakibaki na maana ileile kwa sababu tu maneno hayakubadilika, na jambo hili husahauliwa sana. Katika ubeti wa kwanza, "Ghala tulompa paka" ni malalamiko juu ya paka. Katika wa pili, baada ya barazani na ghalani, linageuka dhihaka. Katika wa tatu, baada ya "midomo tumefunika", mkazo unahamia *tulompa*: sisi ndio tuliompa. Ukiulizwa toni, usijibu kwa neno moja la shairi zima. Sema inaanza na masikitiko, inapitia kejeli, inaishia kwenye majuto na kukwama.

Tofautisha dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo linalozungumzwa, na hutajwa kwa kirai: usaliti wa waliokabidhiwa amana. Ujumbe ni linalofundishwa kuhusu jambo hilo, na hutajwa kwa sentensi: jamii inayomnyamazia mlinzi mwizi hushiriki katika kujilaza njaa.

Hatua ya 8: Andika kwa lugha nathari

Kuandika ubeti kwa lugha nathari, au tutumbi, ni kipimo kizuri cha kama umeelewa. Kanuni ni tatu: maneno yote yarudi kwenye sarufi ya kawaida, hakuna wazo linaloachwa, na hakuna wazo linaloongezwa. Ubeti wa tatu unaweza kuwa hivi:

Sisi wenye ghala hatujui la kufanya na tumenyamaza. Watoto wameshika mashavu kwa huzuni, maana chungu kinachochemka jikoni hakina chakula ndani. Tukimwondoa mlinzi huyu haraka, hatujui mwingine tunayeweza kumwamini. Ni nani basi atakayeliokoa ghala tulilomkabidhi paka?

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuandika "Mshairi anasema viongozi ni wezi na wananchi wana njaa." Huo ni ufafanuzi wa jazanda, si nathari, paka lazima abaki paka. Kosa la pili ni kuandika mishororo minne chini kwa chini. Nathari ni aya.

Shairi lisilo na vina

Ushairi huru ulizua mabishano makali hasa miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani yake *Kichomi* mwaka 1974. Wahafidhina walisema kisicho na vina na mizani si shairi. Mabishano hayo hayakusaidii unapolazimika kulisoma moja. Hapa hesabu ya silabi inaondoka, na mahali pake panaingia hesabu nyingine: mstari umekatwa wapi, na kwa nini pale?

Mama
anashika mwiko
anakoroga
maji.

Mstari ambao maana yake haijatimia na inalazimika kumwagikia unaofuata huitwa mshata. Uliotimia ni kifu. "Anakoroga" ni mshata. Jicho linaposhuka kutoka neno hilo, msomaji amekwisha kuuona ugali au uji akilini, kwa sababu mwiko uliotajwa juu yake umemwahidi. Mstari wa mwisho una neno moja, na mizani yake ni 2. Unganisha mistari ya tatu na ya nne, usome "anakoroga maji": habari ni ileile, lakini mshtuko umepotea. Kwa kila mstari wa shairi huru fanya jaribio hilo, uunganishe na unaofuata, na uandike kilichopotea.